Nani akuhesabie nyara? Ulinganisho wa njia nne za kufuatilia viwango vya kudondoka katika michezo ya mtandaoni

Katika ghorofa ya juu ya Slayer Tower, ndani ya mchezo wa Old School RuneScape, wanaishi pepo waitwao Abyssal demon. Kupigana nao kunachosha, kwa sababu pepo huyo hujihamisha ghafla hatua chache kando au humhamisha mchezaji mwenyewe, na hakuna anayeweza kuwadhuru kabla hajafikisha ngazi ya 85 katika stadi ya Slayer. Wengi wanaopanda huko juu wanafuata kitu kimoja tu, mjeledi uitwao Abyssal whip, ambao uwezekano wake wa kudondoka, yaani kuachwa na pepo anapouawa, ni 1 kwa 512. Mchezaji ambaye amekwisha kuua pepo 700 bila kuuona mjeledi huo huuliza swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: je, takwimu hiyo ni ya kweli, au tunadanganywa?

Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake linahitaji namba mbili, yaani mara ambazo kitu kilidondoka na mara ambazo mchezaji alijaribu. Katika sehemu ya 1/512, namba ya chini, ile tuliyofundishwa shuleni kuiita asili, ndiyo inayobeba uzito wote, na ndiyo hiyo hiyo inayopotea kwa urahisi, kwa kuwa mtu huikumbuka siku aliyopata kuliko jioni nzima aliyotoka mikono mitupu. Hapa ninalinganisha njia nne ambazo mchezaji anaweza kuzitumia kufuatilia nyara: takwimu zinazotangazwa na mtengenezaji wa mchezo, kanzidata zinazokusanywa na wachezaji wengi, programu ya kuhesabu inayokaa kwenye kompyuta yako, na daftari au lahajedwali unalojaza kwa mkono. Ziko sifa nyingi za kuzipima njia hizi, kama urahisi, usalama na mwonekano, lakini kigezo nitakachokitanguliza ni kimoja: njia hii inazihesabu kwa uaminifu kiasi gani zile mara ambazo hukupata kitu?

Maswali mawili yanayofanana

Kila kiumbe anapouawa, seva ya mchezo huchagua namba ya bahati nasibu na kuilinganisha na jedwali la nyara la kiumbe huyo. Katika michezo mingi seva haikumbuki ulikosa mara ngapi hapo nyuma. Kwa hiyo 1 kwa 512 haina maana kwamba pepo wa 512 anakudai mjeledi. Tukiwachukua wachezaji 100 waliokwisha kuua pepo 512 kila mmoja, takriban 37 kati yao watakuwa bado hawajaupata. Wakifika pepo 1,024, watabaki 13 au 14 mikono mitupu, na wakifika 1,536 watabaki 5. Yule wa pepo 700 yumo katika kundi la wachezaji 25 kwa kila 100, na ingawa uchungu wake ni wa haki kabisa, hesabu yake haina ajabu yoyote.

Hapo ndipo maswali mawili yanapotengana. "Kitu hiki ni adimu kiasi gani?" ni swali kuhusu mchezo, na jibu lake ni moja kwa wachezaji wote. "Mimi nimefika wapi?" ni swali kuhusu mchezaji mmoja na safari yake. Wengi huchagua chombo kizuri kwa swali la pili kisha wakakitumia kujibu la kwanza, na malalamiko mengi juu ya viwango vya kudondoka huanzia hapo.

Takwimu za mtengenezaji

Panapokuwa na takwimu rasmi, zinatangulia zote, kwa sababu zimetoka kwa aliyeliandika jedwali lenyewe. Digital Extremes ya Kanada, watengenezaji wa Warframe, huweka hadharani jedwali zima la nyara za mchezo wao, likionyesha kila misheni, kila kiumbe na asilimia ya kila kitu. Jagex, wenye RuneScape, wamethibitisha viwango vingi vya Old School, na ndiyo sababu tunaweza kusema 1 kwa 512 bila kusitasita. Kwa upande wa World of Warcraft, Blizzard kwa kawaida haitangazi viwango vya nyara za viumbe wa kawaida na za mabosi, yaani viumbe wakubwa walio wagumu kushindwa, na mchezaji hulazimika kutafuta kwingine.

Msomaji asichanganye nyara hizi na masanduku ya bahati yanayouzwa kwa fedha halisi. Sheria zilizotungwa miaka ya karibuni zinahusu zaidi hayo masanduku: China ilianza kudai viwango vyake vitangazwe mwaka 2017, Apple ikaweka sharti kama hilo kwa programu za duka lake mwishoni mwa mwaka huo huo, na Korea Kusini ikalitia katika sheria kuanzia Machi 2024. Hakuna kati ya hizo inayomlazimisha mtengenezaji kukuambia pepo fulani hudondosha mjeledi mara ngapi.

Nafasi ya Korea Kusini inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha kwa nini takwimu rasmi peke yake haitoshi. Januari 2024, Tume ya Biashara ya Haki ya nchi hiyo iliitoza Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa sababu ya MapleStory, mchezo ambao umekuwapo tangu 2003. Suala lilikuwa vitu viitwavyo "cube", ambavyo mchezaji hununua ili kubadilisha kwa bahati nasibu sifa za ziada za silaha na mavazi yake. Tume iliona kwamba uwezekano wa baadhi ya sifa zilizopendwa sana ulikuwa umeshushwa bila wachezaji kuarifiwa, na kwamba baadhi ya michanganyiko haikuwezekana kutokea hata kidogo. Mchezaji anayetumia fedha yake kutafuta kitu ambacho uwezekano wake ni sifuri amedhulumiwa, na hakuna bahati wala subira ingeweza kumsaidia.

Hata takwimu iliyo ya kweli inahitaji kusomwa na masharti yake. Genshin Impact hutangaza kwamba uwezekano wa kupata mhusika wa nyota tano katika mvuto mmoja, yaani jaribio moja la bahati nasibu yake, ni asilimia 0.6, na papo hapo hutangaza asilimia 1.6. Zote mbili ni sahihi. Ya pili imejumuisha dhamana kwamba kufikia mvuto wa 90 utapata mhusika au kitu cha kiwango hicho hata kama bahati imekukataa kabisa. Mahali penye dhamana ya namna hii, zile hesabu za wachezaji 37 kwa 100 hazitumiki tena, maana seva inakumbuka ulivyokosa. Vivyo hivyo katika Old School RuneScape, pete iitwayo ring of wealth huondoa nafasi tupu katika jedwali la nyara adimu, hivyo watu wawili wanaoua kiumbe yule yule, mmoja akiwa na pete na mwingine bila pete, hawachezi kwa jedwali moja.

Kwa kigezo changu, takwimu rasmi haihesabu majaribio yako hata kidogo, nayo haidai kufanya hivyo. Inakupa asili ya kinadharia. Iliyo yako utaitafuta mwenyewe.

Kanzidata za wachezaji

Pale mtengenezaji anaponyamaza, wachezaji hukusanya wenyewe. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004, wachezaji walikwisha kuanza kupakia kumbukumbu za nyara zao kwenye tovuti kama Thottbot, na tangu 2006 Wowhead imekuwa ndiyo marejeo ya wengi. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza: mchezaji husakinisha programu ndogo, programu hurekodi kila kiumbe aliyepekuliwa na kila kilichopatikana, kisha kumbukumbu hizo hutumwa na kujumlishwa na za wengine. Asilimia unayoiona mbele ya kitu ni jumla ya mara kilipodondoka kugawanywa kwa jumla ya mara kiumbe yule alipopekuliwa.

Nguvu ya njia hii ni wingi, na wingi hauna mbadala. Chukua mjeledi wetu tena. Ukitaka kukipima kiwango cha 1 kwa 512 kwa usahihi wa asilimia 10 juu au chini, unahitaji kuona mijeledi kama 400, maana yake pepo karibu 205,000. Tuseme unaua pepo mmoja kila nusu dakika bila kupumzika; kazi hiyo itakuchukua saa 1,700 na zaidi. Hakuna mtu mmoja anayepaswa kujitwika mzigo huo, wakati wachezaji elfu moja wataumaliza kwa jioni mbili tatu bila kujua kwamba walikuwa wanafanya utafiti. Baadhi ya kurasa za wiki (ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na wachezaji) ya Old School RuneScape, ambayo jumuiya yake iliihamishia kwenye tovuti yake yenyewe mwaka 2018, hutaja idadi ya vifo ambavyo makadirio yametokana navyo, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Ukiona asilimia isiyosema imetokana na majaribio mangapi, isome kama uvumi.

Udhaifu wake mkubwa ni mchanganyiko wa hali na nyakati. Mfano ulio wazi katika World of Warcraft ni Invincible, farasi wa bosi aitwaye Lich King katika ngome ya Icecrown. Wakati wa toleo la Wrath of the Lich King, kikosi cha watu 25 kilichomshinda bosi huyo katika kiwango kigumu kilipata farasi huyo kila mara. Baadaye uwezekano ukashushwa, na leo makadirio ya wachezaji yanacheza karibu na asilimia 1. Mtu anayejumlisha kumbukumbu za nyakati zote mbili atapata namba iliyo katikati, ambayo haikuwa kweli jana na si kweli leo. Kasoro nyingine za aina hii hazitoi kelele: kitu kinachodondoka tu kwa aliyepewa kazi fulani, kitu kinachotegemea kiwango cha ugumu, au kiumbe mwenye jina moja katika maeneo mawili yenye majedwali tofauti.

Lipo kosa la hesabu ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye nia njema kabisa, na ningependa kulieleza taratibu. Chama kimoja cha wachezaji kinataka kujua kiwango cha kitu fulani. Kila mwanachama anaulizwa: "Ulipata baada ya kuua wangapi?" Mmoja anasema 20, yaani asilimia 5, mwingine 50, yaani asilimia 2, mwingine 230, yaani asilimia 0.43. Kisha asilimia hizo zinajumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya watu ili kupata wastani. Inaonekana sawa, lakini jibu litakuwa mbali na ukweli. Kama kiwango halisi ni asilimia 1 na kila mtu anaacha kuua mara tu anapopata, wastani wa asilimia hizo hausogei kuelekea 1 hata mkiwa watu elfu kumi. Utasogea kuelekea asilimia 4.65. Sababu ni kwamba aliyepata katika jaribio la pili analeta asilimia 50 mezani, na hakuna idadi ya wenye bahati mbaya inayoweza kuishusha, kwa kuwa asilimia yao haiwezi kupungua chini ya sifuri. Dawa yake ni fupi: jumlisha vifo vyote vya wote, jumlisha vilivyodondoka vyote, kisha gawanya mara moja tu. Na wale ambao hawajapata waulizwe pia, maana vifo vyao vimo katika asili hata kama hawana cha kuonyesha.

Kwa kigezo changu, kanzidata inayokusanya kwa programu inahesabu kukosa vizuri, kwa sababu programu haichagui siku ya kurekodi. Kanzidata inayotegemea watu kuandika wenyewe ni dhaifu, kwani mkono huwa mwepesi kwa mwenye habari njema.

Programu ya kuhesabu kwenye kompyuta yako

Njia ya tatu inafanana na ya pili kwa vyombo lakini si kwa lengo. Kwa Old School RuneScape, programu ya kuchezea iitwayo RuneLite ina programu-jalizi, yaani nyongeza, ya Loot Tracker, ambayo huorodhesha kila kiumbe uliyemuua, idadi ya mara, vilivyodondoka, na thamani yake kwa bei za soko la mchezo. Kwa World of Warcraft, wengi hutumia Rarity, ambayo huhesabu majaribio yako kwa kila kitu adimu unachokitafuta, na inaweza kusoma takwimu ambazo mchezo wenyewe umekuwa ukizitunza tangu 2008, hivyo hata mabosi uliowaua kabla ya kuisakinisha huweza kuingia kwenye hesabu.

Uwezo huo wa kurudi nyuma una thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kasoro ya kwanza ya kihesabio chochote ni siku kilipoanza. Mtu huwa anakisakinisha lini? Mara nyingi siku anapoanza kushuku kwamba bahati yake ni mbaya, au siku aliyopata kitu kikubwa na kutaka kukiona kimeandikwa. Katika hali zote mbili hesabu inaanza mahali ambapo hisia imepachagua. Loot Tracker haijui pepo uliowaua kabla yake. Vivyo hivyo orodha ya mikusanyo iliyo ndani ya Old School yenyewe: vitu vilivyopatikana kabla haijaanzishwa havikuhesabiwa humo.

Kasoro ya pili inahusu namna programu inavyotambua kwamba kiumbe amekufa. Programu inayotambua kifo kwa kuona vitu vikitokea chini haiwezi kuona kifo kisichoacha kitu. Kwa kiumbe ambaye daima huacha mifupa au majivu hakuna hasara yoyote, lakini kwa kiumbe ambaye mara nyingine haachi chochote, zile mara tupu hazitaingia, asili itapungua, na kitu chako kitaonekana kupatikana kwa urahisi kuliko kilivyo. Kabla ya kuamini programu yoyote, fanya jaribio la dakika kumi: ua viumbe 20 ukiwahesabu kwa kinywa, kisha uangalie kama nayo inasema 20.

Kuna suala la usalama pia. Jagex imeruhusu RuneLite, na nyongeza za World of Warcraft hufanya kazi ndani ya mipaka ambayo Blizzard imeiweka, kwa hiyo kuzitumia si kosa. Lakini nakala bandia za programu hizi zipo, na hutengenezwa ili kuiba akaunti. Pakua kutoka kwenye tovuti rasmi tu, na kihesabio kinachokuomba neno lako la siri la mchezo kwa ajili ya kuhesabu nyara kiache hapo hapo.

Tukirudi kwenye maswali yetu mawili, hii ndiyo njia bora kwa swali la "mimi nimefika wapi". Ni bora pia kwa mtu anayewinda kipato cha ndani ya mchezo na anataka kujua saa moja ya kuua joka fulani inaleta sarafu kiasi gani, ila aondoe kwanza kile kitu kimoja adimu kilichodondoka, agawanye kilichobaki kwa saa alizotumia, na hiyo adimu aijumlishe baadaye kwa kiwango chake rasmi. Asipofanya hivyo, jioni moja ya bahati itamfanya aamini mwezi mzima kwamba amepata mgodi.

Daftari na lahajedwali

Wengi wataiona njia hii kuwa ya kizamani. Mimi siioni hivyo, na sababu ya kwanza ni ya wazi kwa wasomaji wengi wa Kiswahili: wanacheza kwa simu. Old School RuneScape iliingia kwenye simu Oktoba 2018, na programu rasmi ya simu haipokei programu-jalizi za RuneLite. Mchezaji anayechezea simu, au anayehama kati ya simu yake na kompyuta ya kukodi kwa saa, hana kihesabio kimoja kinachomfuata kila mahali. Daftari linamfuata.

Daftari langu la kwanza lilikuwa la kurasa 96, la mistari, na ukurasa wake wa pepo ulikuwa na vijiti vinne vinne vilivyokatwa na cha tano, kama tulivyofundishwa kuhesabu darasani. Nilipoupata mjeledi wangu nilihesabu vijiti na kukuta 214. Nilifurahi, nikawaeleza wenzangu kwamba takwimu ya 512 imezidishwa. Nilipoitazama kurasa hiyo tena baada ya wiki kadhaa niligundua kwamba juu yake hapakuwa na tarehe wala idadi ya kuanzia. Nilikuwa nimeanza kuchora vijiti baada ya jioni kadhaa za kuwinda bila kuandika chochote. Namba 214 haikuwa uongo, lakini haikuwa na maana, na wenzangu walikwisha kuirudia kwa wengine. Tangu hapo kila ukurasa wangu huanza kwa mstari mmoja wenye tarehe, mahali, jina kamili la kiumbe, na idadi ya vifo ambayo mchezo unaionyesha kabla sijapiga pigo la kwanza.

Mstari huo ndio unaoitofautisha daftari njema na mchoro. Vinavyofuata ni vichache: idadi ya vifo mwanzoni na mwishoni mwa kikao, kilichodondoka, na hali iliyokuwapo, kama vile pete uliyovaa, kiwango cha ugumu, idadi ya wenzako kikosini, na kama mchezo ulisasishwa siku hiyo. Pale mchezo wenyewe unapohesabu vifo vya bosi, huna haja ya vijiti. Andika namba mbili na utoe. Mwenye lahajedwali atafanya yale yale kwa safu saba au nane, na atapata faida ya kuchuja kwa hali, jambo ambalo programu nyingi za tayari haziruhusu. Kihesabio cha kompyuta kinajua ulimuua nani. Mara nyingi hakijui ulikuwa umevaa nini.

Daftari lina jibu hata pale ambapo hujapata kitu. Kanuni yake ni rahisi kukariri: ukijaribu mara fulani bila kupata hata kimoja, gawanya 3 kwa idadi hiyo, na utapata kiwango cha juu kabisa ambacho bado kinaaminika kwa uhakika wa asilimia 95. Majaribio 300 bila kitu yanakuambia kwamba kiwango halisi huenda hakizidi asilimia 1. Hayakuambii kwamba ni sifuri. Ukurasa mtupu uliohesabiwa sawasawa una taarifa ndani yake.

Udhaifu wa daftari ni udogo wa sampuli na uchovu wa mkono. Likiwa la mtu mmoja halitakuambia kamwe kama kiwango ni 1 kwa 512 au 1 kwa 450, na asiyetaka kuandika katikati ya pambano asijilazimishe, maana hesabu iliyojazwa kwa kukisia ni mbaya kuliko kutohesabu.

Uchague ipi

Kama mchezo wako una takwimu rasmi na unachotaka ni kujua muda wa kuutenga, huhitaji zaidi ya takwimu hiyo na hesabu ya wachezaji 37 kwa 100. Kama mtengenezaji amenyamaza, nenda kwenye kanzidata inayotaja ukubwa wa sampuli, na upuuze asilimia yoyote iliyotokana na vitu visivyofika kumi. Anayechezea kompyuta na kutaka kuifuata safari yake mwenyewe asakinishe kihesabio siku ya kwanza ya mchezo, si siku ya kwanza ya hasira. Wa simu achukue daftari.

Linalobaki ni lile zito zaidi, la mchezaji anayeshuku kwamba sasisho jipya limeshusha kiwango kimyakimya. Baada ya MapleStory hakuna anayeweza kusema kwamba shaka ya namna hiyo ni ujinga. Lakini tazama namba. Kitu cha 1 kwa 100, umeua 600 tangu sasisho, umepata 2 badala ya 6. Hata kama hakuna kilichobadilishwa, wachezaji 6 katika kila 100 watapata 2 au pungufu, kwa hiyo bado huna shauri. Ukifika 1,000 ukiwa na 2 tu, ni wachezaji 3 katika kila 1,000 wanaoweza kufika hapo kwa bahati mbaya peke yake, na sasa una jambo la kulisema. Ila kumbuka kwamba mchezo wenye wachezaji elfu moja wanaohesabu utakuwa na watatu kama wewe hata pasipo hila yoyote, na hao watatu ndio watakaopaza sauti. Kwa swali hili hakuna njia moja inayotosha. Unahitaji takwimu rasmi kama dai linalopimwa, kumbukumbu zenye tarehe za kabla na baada ya sasisho, na watu wengi, wakiwamo wale ambao hawakuwa na malalamiko.

Kwa hiyo chama kinachotaka kulifuatilia jambo hili kwa haki kikubaliane kabla ya sasisho kwamba wanachama wote watahesabu, wenye bahati na wasio na bahati, kuanzia siku moja, kwa kiumbe mmoja na kwa hali moja, na kwamba idadi ya vifo 5,000 ikifika watasimama na kujumlisha bila kujali hesabu imeegemea wapi. Atakayeshika lahajedwali apewe namba mbili tu na kila mtu, vifo na vilivyodondoka, na asikubali asilimia kutoka kwa yeyote.